Binti wa miaka 2 na miezi 4 anamkimbia bibi yake mzaa baba, Desemba tunapanda Marangu. Naomba ushauri

Mama K wa Tabata (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa malezi, hasa walimu wa chekechea na manesi wa kliniki ya watoto.

Binti yetu ana miaka 2 na miezi 4. Mchana anashinda na mama mdogo wake hapa nyumbani, na akiamka jina la kwanza analoita ni la mama mdogo. Shangazi yake yuko Mbezi, huja Jumapili moja moja. Bibi mzaa baba yuko Marangu na wameonana mara 2 tu: mtoto akiwa na miezi 3, halafu Pasaka iliyopita. Pasaka alipiga kelele kila bibi alipomnyanyua, bibi akasema "mmemfundisha kunikataa". Desemba tunakwenda wiki 3, na bibi ameshatoa ombi tumwachie mtoto hadi Februari.

1. Miezi 2 hii iliyobaki tufanye nini?
2. Siku ya kufika tufanyeje asirudie yale?
3. Kumwacha hadi Februari inafaa?
4. Hili ni la aibu kidogo: namwonea wivu mama mdogo. Ni kawaida?

Mwalimu wa Awali

Naanza na la 2 kwa sababu siku ya kufika ikiharibika inaharibu wiki nzima.

Mtoto wa umri huo hamkatai bibi, anakataa jinsi anavyojiwa. Gari linasimama, mtoto alikuwa amelala kichwa kinaning'inia, anaamshwa, mlango unafunguliwa, mtu mgeni anainama juu yake, anamkazia macho, anapaza sauti ya furaha na kumkwapua. Sekunde 10 hazijaisha. Mtoto ananyoosha mikono kwa mama, na mama kwa kuona haya anarudi nyuma: "Nenda kwa bibi, nenda." Kilio cha kweli kinaanzia hapo, maana sasa amempoteza na mama.

Mkishuka Himo njia panda, msikimbilie gari la Marangu Mtoni. Kaeni nusu saa. Mtoto akojoe, anywe maji, ale, abadilishwe nguo ya kutapikiwa, akanyage ardhi kidogo. Mkifika kwa bibi, watu wazima wasalimiane kwanza, na mtoto aone baba yake anavyomkumbatia mama yake. Anasoma sura zenu kuliko mnavyodhani. Wewe kaa naye mapajani akitazama mbele, usimfiche kifuani.

Bibi akae kwenye kigoda, hatua 2 au 3 kutoka kwenu, amewapa ubavu, na mikononi awe na kazi. Kupukuchua maharage kwenye ungo kunafaa sana: maganda makavu yanalia, maharage yanaruka. Asimwite mtoto. Asimtazame machoni kwa muda mrefu. Mtoto atashuka mwenyewe, atasogea, atarudi kwako, atasogea tena. Hiyo kwenda na kurudi ndiyo kazi yenyewe, usiikatize kwa kumsukuma mgongoni. Akifika kwenye ungo, bibi ampe ganda moja. Mkono wa bibi utoe kitu kwanza, kumshika mtoto kutafuata.

Kosa linalorudiwa na bibi wengi: mtoto akishasogea, furaha inamzidi, anambeba. Mnaanza upya, na safari hii mtoto hasogei tena.

Nesi wa Zamu

Mwalimu umeeleza vizuri, ila maharage hapana. Mtoto wa miaka 2 na maharage makavu huishia hospitali, limeingia puani au sikioni na likipata unyevu linavimba. Punje za mahindi vilevile. Bibi achambue mboga, mchicha au mnavu, atenge majani na mabua. Mtoto apewe mabua.

Niongeze kuhusu umri, labda itamsaidia bibi kuacha kunung'unika. Hofu ya wageni huanza kwenye miezi 6 hadi 9. Kulilia kuachwa na mama hupanda sana kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua taratibu, na kwa watoto wengi hulegea wakikaribia miaka 3. Alipokuwa na miezi 3 alibebwa na kila mtu kwa sababu hofu hiyo ilikuwa bado haijaja, basi bibi akadhani wameshajuana. Pasaka alikuwa na mwaka 1 na miezi 10. Hakuna aliyemfundisha chochote. Na kumbuka mtoto huyu huenda hana kumbukumbu ya sura aliyoiona miezi kadhaa iliyopita, kwake Desemba ni kama mara ya kwanza.

Swali la 1 sasa. Simu ya video mara 3 kwa wiki, dakika 5 hadi 7, saa ileile, kwa mfano baada ya kuoga jioni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 2 asizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini, kwa hiyo hapo mko salama. Kinachoharibu simu hizi ni mambo matatu. La kwanza ni wazee kuweka simu sikioni, mtoto akaona sikio na kipande cha kilemba. Kijana aliye karibu na bibi aiegemeze simu kwenye chupa ya chai juu ya meza, bibi akae mbele yake, mwanga umpige usoni, dirisha lisiwe mgongoni. La pili ni mtihani: "Mimi ni nani? Unanijua? Sema bibi!" Mtoto anayeulizwa hivyo ananyamaza au anakimbia. Badala yake bibi aonyeshe kitu, ndama, kuku, paka, na mtoto naye aonyeshe kiatu chake. La tatu ni kurefusha. Kata simu mtoto akiwa bado anataka.

Mtandao wa huko ukisumbua, sauti za WhatsApp zinatosha kabisa. Sekunde 30: bibi amwite jina, aimbe mistari miwili, aage. Mchezeshee wimbo uleule kila usiku kabla ya kulala. Desemba bibi akiuimba kwa mdomo wake, utaona shingo ya mtoto inavyogeuka.

Kijana wa Ubungo

Mnawadekeza watoto. Abebwe, alie, akichoka atanyamaza. Sote tumelelewa hivyo.

Mwalimu wa Awali

Mkuu, akinyamaza kwa kuchoka hajazoea, ameacha kuomba msaada. Mtazame mtoto aliyezoea: mwili umelegea, anacheza, anaongea, anakula. Huyu aliyenyamaza amekakamaa, dole gumba mdomoni, macho mlangoni. Kesho yake anaanza kulia mapema zaidi, akisikia tu sauti ya bibi uani.

Mzee wa Kihamba

Nimewasoma wote. Mnasema kweli, ila mnamsahau bibi. Yule ni mama wa nyumba, majirani wamekusanyika kumwona mjukuu, na mjukuu anamgeuzia kisogo mbele za watu. Kama binti amepewa jina lake, ilivyo kawaida kwa Wachaga wengi kwa binti wa kwanza, basi anakataliwa na jina lake mwenyewe. Yataka kichwa kuliona hilo.

Kwa hiyo salamu isiachwe eti kwa sababu mtoto ana haya. Anaweza kusema "kamoo" akiwa mapajani mwa mama. Akishindwa, mama aseme kwa niaba yake, "Bibi, K anasema shikamoo," na bibi aitikie "marahaba mjukuu wangu" akimwelekea mtoto. Mnarudia kila asubuhi na kila jioni. Siku ya 3 au ya 4 ataitoa mwenyewe. Kumkumbatia na kumbusu ni jambo jingine, hilo lisiwe amri.

Pia tumieni utani, ndio mlango wa mababu na mabibi tangu zamani. Bibi amwite mjukuu "mke mwenzangu", amwambie "leo mume wetu tutampikia nini?" Mtoto haelewi maneno, anaelewa kwamba sauti ya bibi ina mchezo na kwamba hana cha kuogopa. Ila utani ni wa wawili. Babu akimwita "mchumba" na mtoto akaficha uso, babu aache, asiendelee eti kwa kuwa wakubwa wanacheka.

Na kama bibi bado ana kinyongo cha Pasaka, mwanaye anajua isale, lile jani letu la kuombea msamaha, lilipo. Lipo kwenye ua wa kila kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo.

Wifi Mtu

Jamani mbona hakuna aliyemtaja shangazi? Jibu la uzi huu liko Mbezi.

Mtoto hufika kwa mtu mpya kupitia mtu anayemjua. Mama mdogo anamjua sana lakini ni wa upande wa mama, huwezi kumpeleka ukweni akakae wiki 3. Shangazi ndiye binti wa nyumba ile. Tangu wiki hii aache kuja Jumapili moja moja, aje kila Jumapili saa ileile, na asije kama mgeni wa kukaa sebuleni na soda. Apewe kazi moja na mtoto ambayo hakuna mwingine anayeifanya: kumsuka, au kumwogesha, au kwenda naye dukani kununua mkate. Jumapili ya kwanza wewe uwepo. Ya pili uwe chumba cha pili. Ya nne watoke wawili. Kufikia Desemba anapanda Marangu na mtu 1 wa upande wa baba aliye wake kabisa.

Mkifika kule, shangazi ndiye akae jikoni na mama yake, na mtoto atafuata miguu ya shangazi hadi kwa bibi. Wewe usihangaike kumpeleka.

Jambo la pili. Yote mliyoandikiwa hapa, kukaa kwenye kigoda, kutombeba, kutomuuliza maswali, asiyaseme mkwe. Hata ukiyasema kwa magoti yatasikika kama "mkwe ananifundisha kulea". Ayaseme baba mtoto, kwa simu, wiki 2 kabla, na ayaseme kama ombi: "Mama, huyu ana haya kama mimi nilivyokuwa, mwache akujie mwenyewe." Bibi atacheka na ataelewa. Na asitoe orodha ya masharti 15. Mambo matatu tu: asichapwe, asitishiwe kwa mbwa au sindano, na asilazimishwe kumaliza sahani. Pipi, kuchelewa kulala, kuvaa sweta juani, hayo achieni nyumba ya bibi.

Mama K wa Tabata

Asanteni sana, hili la shangazi sikuwa nimeliona kabisa. Nimeshampigia. Swali: baada ya siku ya kwanza, zile wiki 3 ziende vipi? Na Februari?

Mwalimu wa Awali

Siku ya 1 na ya 2 usiondoke machoni pake. Usimfanyishe lolote.

Kuanzia siku ya 3 tafuta kazi 1 ya kila asubuhi kati yake na bibi, fupi, dakika 10 au 15. Kulisha kuku ni kazi isiyo na mpinzani. Bibi ashike bakuli, mtoto apewe kikombe chake cha plastiki, robo kikombe cha pumba inatosha, ikizidi anaimwaga yote mahali pamoja na mchezo unaisha. Wewe kaa mlangoni, simu mfukoni. Usimwelekeze ("mwage pale, sema asante bibi"), maana kila ukiongea anakugeukia wewe, na bibi anabaki amesimama na bakuli. Hapa wazazi wengi wanashindwa. Wanataka uhusiano uote lakini hawataki kunyamaza.

Siku ya 5 hivi anza kutoka. Muage: "Mama anakwenda chooni, anarudi." Dakika 3, rudi, mwonyeshe umerudi. Kesho dakika 10. Kesho kutwa nusu saa, nenda mtoni au dukani. Usitoroke hata siku moja, hata kama bibi anakukonyeza "nenda sasa hivi hajaona". Mtoto aliyetorokwa anakulinda hadi usiku, hakuachii upindo wa kanga, na mnapoteza siku 3. Akilia ukiaga, aga hivyohivyo, nenda kwa muda mfupi, rudi.

Wiki ya 2 bibi aongeze jambo la pili, labda kumlisha mtori mchana. Wiki ya 3 wewe kazi yako ni kutoonekana.

Kuna siku atarudi nyuma, hasa akiwa na mafua au wageni wakijaa Krismasi. Siku ya wageni 40 uani asipitishwe mikono kwa mikono kama sahani ya sadaka. Akae na shangazi au bibi, wageni wampungie.

Ustawi wa Jamii

Kuhusu Februari: safari hii hapana. Wiki 3 zinatosha kumpenda bibi, hazitoshi kumpoteza mama wiki 6 au zaidi bila kuelewa kwa nini. Katika umri huu "Februari" haina maana kwake, anajua "baada ya kulala" na "kesho" kwa shida. Mwachieni kwanza usiku 1 tu, mkiwa hapohapo mkoani, mmelala kwa ndugu wa Moshi mjini, mko kwenye simu. Akiamka vizuri, likizo ijayo usiku 2 au 3. Wiki nzima isubiri amevuka miaka 3 na anaweza kueleza kwa maneno kilichompata mchana.

Msimjibu bibi "hapana" kavu. Mpeni badala yake: Februari yeye ashuke Dar wiki 2. Kwenye nyumba yake mtoto ni mwenyeji, atamshika bibi mkono kumwonyesha kitanda, choo, viatu. Mapenzi yanakwenda haraka zaidi mtoto akiwa ndiye anayejua njia.

Sasa neno lisilopendeza. Wengi wanaodhuru watoto ni watu wanaojulikana na mtoto, na boma la Desemba lina baba wadogo, binamu wakubwa na marafiki wa marafiki. Kabla ya safari mjue: atalala wapi na na nani (na wewe, au na bibi au shangazi, si chumba cha binamu vijana), nani anamwogesha na kumbadilisha (taja watu 2 kwa majina), na mtoto ajue majina ya viungo vyake vyote bila mafumbo. Mzoesheni kwamba nyumbani kwenu hakuna siri za mtu mzima na mtoto, zipo "surprise" za zawadi tu, na hizo huisha siku hiyohiyo. Ndiyo maana pia tunasema asilazimishwe kukumbatia: mtoto aliyezoeshwa kwamba mwili wake una sauti, atasema. Mkiwa na wasiwasi wowote, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, bure, Tanzania na Kenya pia.

Nesi wa Zamu

Vya begi: kadi ya kliniki, dawa yake ya homa pamoja na dozi iliyoandikwa kwa uzito wake wa sasa (mpime kabla ya kuondoka), sweta na soksi za usiku, na kanga 1 ambayo bibi ataivaa na kulala nayo kabla ya kurudi kwenu. Msiifue. Mtoto atalala nayo Tabata. Maziwa ya ng'ombe wa bibi yachemshwe mpaka yapande, karanga nzima asipewe hadi miaka 5.

Mkirudi Dar tegemeeni wiki 1 ya kung'ang'ania, kuamka usiku, hata kukojoa kitandani kama alikuwa ameacha. Hajarogwa. Mpigieni bibi siku ya pili yake asubuhi, saa ya kuku, na bibi aonyeshe kuku walewale.

Wifi Mtu

Swali la 4 limerukwa na mama anasubiri.

Wivu ni kawaida. Lugha yetu yenyewe imeshakujibu: dada yako haitwi "dada wa mama", anaitwa mama mdogo. Mtafiti Mary Ainsworth alikaa na familia 26 za Waganda karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, akiangalia watoto wachanga 28, na mojawapo ya aliyoyaona ni kwamba watoto wengi walishikamana na mama na bado wakashikamana na wengine, baba, bibi, ndugu. Mapenzi ya mtoto hayakatwi kama mkate.

Jinsi ya kujua nafasi yako bado ipo: usitazame anacheza na nani. Tazama akianguka na kuumia, akiwa na homa, akiota vibaya, anatafuta nani. Kama wewe ukiwepo anakuja kwako, tulia. Kama hata hapo anakupita kwenda kwa mama mdogo, usimwondoe mama mdogo, hilo litamuumiza mtoto. Chukua wewe kazi 2 za siku zisizohama: kuogesha jioni na kumlaza. Kila siku, hata ukichoka.

Mama K wa Tabata

Nimeandika yote kwenye daftari. Baba K atampigia mama yake Jumamosi. Moja la mwisho kwa Mzee wa Kihamba: bibi ana jogoo mkubwa, Pasaka alimdonoa mtoto wa jirani. Hiyo kazi ya kuku si tutaharibu?

Mzee wa Kihamba

Jogoo afunikwe tenga kabla mtoto hajatoka nje, afunguliwe wakiingia ndani. Mtoto asichuchumae, kuku wanaruka usoni. Avae viatu vya kufunika vidole, maana vidole vidogo vinafanana na mahindi. Na kama bado mna wasiwasi, ng'ombe yuko zizini, hatoki. Bibi akate majani ya mgomba vipande virefu kama mkono, mtoto ashike mwisho mmoja, ng'ombe avute mwingine. Siku hiyo mtasikia kicheko hadi barabarani.